Sahani Zilizovuka Uchochoro wa Ssangmun-dong

Kwa miezi mingi Deok-sun amejifunza kutembea. Bango mkononi, kidevu juu, tabasamu lisilochoka, hatua zinazolingana na za wenzake. Ana miaka kumi na minane kwa hesabu ya Kikorea, darasani ni wa kutafutwa mkiani, na nyumbani ni mtoto wa kati ambaye hakuna anayemwona. Lakini safari hii amepata kitu chake mwenyewe: siku ya ufunguzi wa Michezo ya Olimpiki mjini Seoul, yeye ndiye atakayeitangulia timu ya Madagaska mbele ya macho ya dunia. Kisha habari inafika kwamba Madagaska haiji.

Binti analia kama aliyefiwa. Hata hivyo, dakika za mwisho, nafasi inapatikana, naye anaingia uwanjani na bango la nchi nyingine ya Afrika: Uganda. Uchochoroni kwao, familia na majirani wamejazana mbele ya runinga wakimtafuta kwa macho.

Hivyo ndivyo inavyoanza *Reply 1988*, yaani "Itika, 1988", tamthilia ya Korea Kusini yenye sehemu 20 iliyorushwa na kituo cha tvN kuanzia Novemba 2015 hadi Januari 2016. Deok-sun ni wa kubuni, ila Olimpiki haikubuniwa. Madagaska kweli ilisusia michezo ile, kama zilivyofanya Korea Kaskazini, Kuba na Ethiopia, na Uganda kweli iliingia uwanjani Septemba 17, 1988. Watu wa Afrika Mashariki wana kumbukumbu zao za Seoul: dhahabu tano za Kenya, nne za riadha kutoka kwa Paul Ereng, Peter Rono, John Ngugi na Julius Kariuki, na ile ya masumbwi ya Robert Wangila. Wakorea walipotaka kujikumbuka miaka 27 baadaye, hawakuanza na medali zao. Walianza na msichana wa mtaani aliyebeba jina la nchi ya mbali ambayo pengine asingeweza kuionyesha kwenye ramani.

Uamuzi huo unaeleza tamthilia nzima. Mambo makubwa ya taifa yanapita kwa mbali, kwenye runinga iliyoachwa ikiongea peke yake sebuleni. Mbele ya kamera wapo watoto watano waliozaliwa mwaka 1971 na kukulia uchochoro mmoja wa Ssangmun-dong, kaskazini-mashariki mwa Seoul, pamoja na wazazi wao na vyungu vyao.

Deok-sun, aliyechezwa na mwimbaji Hyeri, anaishi na wazazi, dada na mdogo wake katika vyumba vya chini ambavyo nusu yake vimezama ardhini. Baba yake ana kazi nzuri ya benki, lakini alimdhamini rafiki aliyeshindwa kulipa mkopo, na sasa mshahara unakatwa kabla haujafika mezani. Juu yao, kwenye nyumba ileile, anaishi Jung-hwan. Kwao walikuwa hohehahe hadi kaka yake, kijana mwenye moyo mbovu wa kuhitaji upasuaji na akili inayozama kwenye kila aina ya mkusanyo, aliposhinda bahati nasibu. Mlango wa jirani yuko Sun-woo, mwanafunzi bora, mwana wa mjane anayehesabu kila sarafu na bado ana mtoto mdogo wa kulea. Dong-ryong ni mtoto wa mwalimu wa nidhamu wa shuleni kwao. Fedha kwao si shida, ila mama yake anauza bima kutwa nzima na kijana anakula chakula kilichopoa, peke yake. Wa tano ni Taek, mtoto wa muuza saa asiye na mama, aliyeacha shule ili acheze baduk, ule mchezo wa mawe meusi na meupe ambao Wakorea wanauheshimu kama elimu. Kijana huyu mpole, asiyejua hata kufunga kamba za viatu vyake, analeta nyumbani zawadi za fedha ambazo baba wa Deok-sun hawezi kuzipata kwa miaka ya kazi.

Wajuzi wa baduk walimtambua mara moja. Taek alifinyangwa kwa mfano wa Lee Chang-ho, bingwa aliyeitwa "Buda wa Jiwe" kwa uso wake usiosema kitu.

Kwa hiyo tofauti zipo, na ni kubwa. Tajiri anakaa juu, maskini chini, yatima pembeni, msomi katikati. Mtunzi mwingine angeona hapo chanzo cha wivu na visasi, na Korea Kusini ina tamthilia za kutosha zilizojengwa juu ya mtoto wa tajiri anayemdhalilisha mtoto wa maskini. Lee Woo-jung, mtunzi wa hii, aliuliza swali jingine: watu wanaotofautiana hivi wanawezaje kuishi uchochoro mmoja bila kuumizana kila siku?

Jibu lake la kwanza ni chakula. Katika sehemu ya kwanza kabisa, jioni, mama mmoja amepika zaidi ya mahitaji. Anampa mwanawe bakuli ampelekee jirani. Jirani hawezi kurudisha chombo kitupu, anaweka kitu chake. Jirani wa tatu naye amesikia harufu. Muda si muda watoto wote wako njiani, wanapishana gizani na mabakuli na sahani, kimchi inakwenda huku, saladi inakuja kule, nyama inapanda ngazi, mboga inashuka. Hatimaye mmoja wao, amechoka, anauliza kwa nini wasile tu pamoja. Kisha anaendelea na safari yake, maana bakuli lina mwenyewe anayelisubiri.

Msomaji wa Tanga, Lamu au Zanzibar aliyetumwa futari ya jirani mwezi wa Ramadhani hahitaji maelezo hapa. Anajua kwamba sahani hairudi tupu. Anajua pia lile ambalo tamthilia inalionyesha bila kulisema: mtoto aliyetumwa na sahani anaingia jikoni kwa watu. Anaona wanakula nini, nani kanuna, nani anaumwa, godoro la nani limechanika. Urafiki wa Deok-sun na wenzake haukuanzia shuleni wala uwanjani. Ulianzia katika kutumwa.

Wamama ndio nguzo. Watatu wao hukaa kwenye ulingo wa mbao uliowekwa uchochoroni, wanachambua mboga na kupiga soga kuhusu waume, bei na mitihani. Ni baraza kwa kila hali isipokuwa jina. Hata namna wanavyoitana itamgusa msomaji wa Kiswahili, kwa kuwa Mkorea aliyezaa huitwa kwa jina la mtoto: Mama Deok-sun, Mama Jung-hwan, Mama Sun-woo. Majina yao wenyewe watayarishaji waliyachukua kwa waigizaji waliowacheza. Lee Il-hwa anamcheza Lee Il-hwa, Ra Mi-ran ni Ra Mi-ran, Kim Sun-young ni Kim Sun-young. Huyu Mi-ran, mama tajiri wa juu, anapenda nguo za madoa ya chui na sauti yake inatangulia mwili. Angekuwa mhusika wa kuchekesha tu kama asingeandikwa kwa heshima kubwa hivi.

Zipo sehemu mbili ambazo zinafaa kutazamwa polepole.

Katika ya kwanza, Mama Deok-sun hana fedha za kumpa binti kwa ajili ya safari ya shule. Anapanda kwa Mi-ran kukopa. Anakaa, anaongea hili na lile, neno linafika mdomoni na kurudi, na mwisho anaaga bila kusema. Mi-ran hamuulizi kitu. Anamkabidhi mahindi aende nayo nyumbani, na anapofika chini, Mama Deok-sun anakuta bahasha ya fedha imo humohumo. Hapakuwa na mtu aliyeomba wala aliyekubali kuombwa. Kesho watakutana ulingoni na kuendelea na soga palepale walipoiachia. Kiswahili kina neno la kitendo hiki, nalo ni kusitiri. Wapo watoaji wengi duniani wanaojua kutoa, lakini kumpa jirani huku ukimlindia uso wake ni ujuzi mwingine kabisa, na tamthilia hii inaujua kuliko nyingi zilizopata kuandikwa kuhusu utajiri na umaskini.

Katika ya pili, mama mzazi wa Sun-young anakuja kumtembelea binti yake mjane. Sun-young anahaha. Anakwenda kwa majirani, anaazima akiba ya vitu ili nyumba ionekane nyumba isiyopungukiwa, mama asirudi kijijini na simanzi. Bibi kizee anaketi, anakula, anaaga. Baadaye Sun-young anakuta mama ameacha fedha. Alikwisha kuona kila kitu. Anampigia simu na kulia kama mtoto mdogo. Kim Sun-young alikuwa bado hajulikani sana runingani wakati huo, na namna alivyolicheza tukio hili inatosha kueleza kwa nini leo ni miongoni mwa waigizaji wanaotegemewa zaidi nchini mwake.

Umaskini wa tamthilia hii haukomei kwenye fedha. Mi-ran, na utajiri wake wote, hawezi kusoma herufi za Kiingereza, jambo ambalo mwanawe analigundua siku ya kushughulikia pasipoti. Jung-hwan amemzoea mama kama jemadari asiyeshindwa. Ghafla anamwona mwanamke ambaye shule ilimwishia mapema, na kijana mkali wa maneno anakosa la kusema. Naye Deok-sun, kwao mayai yakipungua, yeye ndiye anayekosa. Siku yake ya kuzaliwa inaunganishwa kila mwaka na ya dada yake kwa keki ileile, kwa sababu zinakaribiana na keki ni ghali. Anapolipuka mwaka huo, meza nzima inanyamaza. Baadaye baba anamngoja uchochoroni na keki yake peke yake, na kumwomba msamaha kwa maneno ambayo Wakorea wengi wanayakumbuka hadi leo: kwamba hakuzaliwa akiwa baba, na kazi hii kwake ni mara ya kwanza. Sung Dong-il, aliyemcheza, alikuwa baba wa nyumba katika tamthilia zote tatu za mfululizo wa *Reply*, pamoja na Lee Il-hwa kama mkewe, lakini hakuna mahali alipokuwa na uzito kama pale.

Ya kwanza katika mfululizo huo ilihusu mwaka 1997 na ilitoka 2012. Ya pili ilihusu 1994 na ilitoka 2013. Lee Woo-jung na mwongozaji Shin Won-ho walitokea kwenye vipindi vya burudani vya KBS, si kwenye idara ya tamthilia, na hilo linaonekana. Hawana haraka. Sehemu moja inaweza kupita dakika tisini. Watu wanakaa, wanakula, wanagombania rimoti, na utani unapoangukia pua unasikika mlio wa mbuzi, alama ya mfululizo huu tangu mwanzo. Msomaji aliyezoea tamthilia za Kikorea za wafalme na mapanga atajiuliza hadithi itaanza lini. Ilikwisha kuanza. Sehemu ya mwisho ilitazamwa kwa wastani wa asilimia 18.8 nchini kote, kiwango ambacho hakuna tamthilia ya televisheni za kebo iliyokuwa imekifikia wakati huo.

Baadhi ya watazamaji hao walikuwa wanasubiri jambo moja: Deok-sun anaolewa na nani? Kila tamthilia ya *Reply* ina kitendawili cha mume. Deok-sun wa utu uzima, aliyechezwa na Lee Mi-yeon, anasimulia mambo ya kale akiwa na mumewe pembeni, na mtazamaji anaachwa abahatishe ni yupi kati ya wavulana wa uchochoroni. Nchi iligawanyika kati ya Jung-hwan wa Ryu Jun-yeol na Taek wa Park Bo-gum, na kambi zikapewa majina. Taek aliposhinda, wapo waliohisi wamedhulumiwa.

Hapa ndipo tamthilia inapopungua. Kitendawili kinakula muda wa sehemu za mwisho ambao ungeweza kumpa Deok-sun ndoto yake mwenyewe. Binti aliyelia kwa kukosa bango anakua na kuwa mhudumu wa ndege karibu bila kuelezwa alifikaje huko, huku njia ya Jung-hwan kwenda jeshi la anga na ya Sun-woo kwenda udaktari zikifuatiliwa kwa makini zaidi. Kwa kazi iliyoanza kwa kumwona mtoto asiyeonekana, hilo ni pengo la kusikitisha.

Dada yake mkubwa, Bo-ra, ana bahati zaidi. Ni mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Seoul, mkali, mwenye hasira na dola. Korea Kusini ilikuwa imetoka kwenye maandamano makubwa ya Juni 1987 yaliyoulazimisha utawala wa kijeshi kukubali uchaguzi wa rais wa moja kwa moja. Roh Tae-woo, jenerali mstaafu, alishinda na kuapishwa Februari 1988, lakini wanafunzi waliendelea kuingia barabarani. Polisi wanapomjia Bo-ra, mama yake anasimama kwenye mvua, kidole cha mguu kinavuja damu, akiwasihi na kuwaorodheshea wema wote wa mtoto huyu. Bo-ra, asiyeogopa mabomu ya machozi, anauona mguu wa mama na kusalimu amri. Siasa za nchi nzima zinafika uchochoroni kwa umbo la kidole kinachovuja damu.

Hata hivyo, kuna jambo la 1988 ambalo *Reply 1988* inalipita kando, na anayeipenda tamthilia hii hana budi kulisema. Si mbali na Ssangmun-dong upo mtaa wa Sanggye-dong, ambao hadi mwisho wa 1987 ulikuwa ndani ya wilaya ileile ya Dobong kabla ya wilaya ya Nowon kukatwa na kuwa peke yake. Mtaa wa mabanda wa Sanggye-dong ulibomolewa kupisha ujenzi mpya, katika miaka ambayo Seoul ilikuwa ikijipamba kwa ajili ya wageni wa Olimpiki. Mwongozaji Kim Dong-won aliishi na waliofukuzwa na kutoa filamu yake fupi *Sanggye-dong Olympic* mwaka huohuo wa 1988. Humo wanaonekana watu waliohamia Bucheon na kujenga vibanda kando ya barabara, navyo vikabomolewa kwa kuwa mwenge wa Olimpiki ungepita hapo. Wakaishia kuchimba mashimo ardhini na kulala humo. Nao walikuwa na watoto wa miaka kumi na minane.

Kuitazama filamu hiyo baada ya tamthilia hakuufanyi uchochoro wa Deok-sun kuwa uongo. Kunaonyesha tu kwamba kile kilichokuja kuumaliza kilikuwa tayari kiko njiani. Serikali ya Roh ilitangaza mpango wa kujenga nyumba milioni mbili, na mwaka 1989 ikatangaza miji mipya kuizunguka Seoul, Bundang na Ilsan ikiwamo. Maghorofa yalipanda. Waliokuwa na uwezo walihamia huko, kila familia nyuma ya mlango wake wa chuma, tajiri na tajiri, wa kati na wa kati. Wa vyumba vya chini walibaki chini. Vyumba hivyo vilianza kama mahandaki, kwa kuwa sheria ya ujenzi ya 1970 ilitaka nyumba ziwe na mahali pa kujikinga vita vikizuka, kisha ukosefu wa makazi ukavigeuza kuwa vya kupangisha. Dunia ilivijua kupitia filamu ya *Parasite* ya mwaka 2019, ambamo maskini na tajiri wanakutana kama mtumishi na bosi, na haishii vizuri. Agosti 2022 mvua kubwa iliua watu ndani ya vyumba vya namna hiyo, na jiji likatangaza kwamba litaviondoa taratibu.

Ssangmun-dong yenyewe ina historia ya ajabu katika sanaa ya Korea. Hapo ndipo nyumbani kwa Dooly, mtoto wa dinosaria aliyechorwa na Kim Soo-jung kuanzia 1983 na kupendwa na kizazi cha Deok-sun. Hapo pia alikulia Hwang Dong-hyuk, mwongozaji wa *Squid Game* ya mwaka 2021, na ndipo alipowatoa wahusika wake wawili marafiki, Gi-hun na Sang-woo. Hao nao ni watoto wa mtaa mmoja: mmoja akawa fundi aliyefukuzwa kazi na kuzama kwenye kamari, mwingine akaingia Chuo Kikuu cha Taifa cha Seoul kama Bo-ra na kuwa fahari ya mama yake anayeuza samaki sokoni. Wanakutana tena wakiwa watu wazima, wamezama kwenye madeni, na mchezo wa utotoni wanaucheza safari hii kwa visu.

Ni mtaa mmoja na kizazi kinachokaribiana. Kazi moja inaukumbuka urafiki huo kama chakula, nyingine inauona ukioza kwa deni. Kati yao wamekaa wale wamama watatu na ulingo wao. Gi-hun na Sang-woo wanapokutana tena, Sang-woo ameficha madeni yake hata kwa mama yake, na hakuna jirani anayejua kilichomo ndani ya chungu cha mwenzake. Uchochoroni kwa Deok-sun siri ya namna hiyo isingefika Jumatatu. Mtoto aliyetumwa na bakuli angekuwa amekwisha kuiona.

Mwishoni familia zinaondoka, moja baada ya nyingine. Magari ya mizigo yanaingia uchochoroni kwa shida. Wamama wanaagana kwa muda mrefu kupita kiasi. Wa juu na wa chini wanaelekea Pangyo, kusini mwa Seoul, ambako wakati huo kulikuwa bado mashambani. Kuta zinapasuka, majani yanaota, ulingo haupo.

Kisha Deok-sun anarudi. Anapita milango iliyoegama, hadi chumbani kwa Taek, kule ambako watano hao walijazana kila jioni kutazama kanda za video kwa sababu Taek alikuwa na runinga na hakuwa na mama wa kuwaambia waondoke. Anafungua. Wako wote, na miaka yao kumi na minane, wamelala chali sakafuni na miguu imepandana. Wamemwachia nafasi.